Barua ya Wazi kwa Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza Kuhusu Mita ya Hamsini na Moja

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Wizara,
Great Minster House, Horseferry Road, London.

Barua hii inaletwa mbele ya Wizara kwa heshima zote, nayo inahusu Beji ya Buluu, yaani kibali ambacho mtu mwenye ulemavu nchini Uingereza hukiweka juu ya dashibodi ya gari ili aegeshe karibu na aendako, mahali ambapo wengine hutozwa ada au hukatazwa kabisa. Asili ya kibali hicho ni sheria ya mwaka 1970 iliyofikishwa bungeni na mbunge Alf Morris, ambaye baba yake alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa amepoteza jicho na mguu. Beji za kwanza, zilizokuwa za rangi ya chungwa, zilianza kutolewa mwaka uliofuata, na buluu ikashika nafasi yake mwaka 2000, ilipoonekana yafaa beji zifanane katika nchi za Umoja wa Ulaya. Morris alidhani kwamba shida ya mtu asiyeweza kutembea ni kutembea. Wizara, kwa uzoefu wa miongo mitano, imebaini kuwa shida yake ni kwamba bado hajathibitisha.

Uthibitisho huo, kwa upande wa England, hupitia zaidi katika posho ya kujitegemea, ambayo ni fedha anazolipwa na serikali mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu ili kufidia gharama ambazo jirani yake mzima hazijui, na ambayo hukadiriwa kwa alama kama za mtihani, isipokuwa kwamba katika mtihani huu anayefaulu ni yule aliyeshindwa zaidi. Asiyeweza kutembea zaidi ya mita 50 hupata alama 8 au zaidi, nazo humfungulia mlango wa beji bila maswali mengi. Anayejikongoja hadi mita ya 51 hupata alama 4, na mlango hubaki umefungwa mpaka halmashauri ya mji wake imchunguze upya. Hekima ya mpaka huu haina budi kusifiwa, kwa kuwa inaelekea maduka, zahanati na vituo vya treni vya England vyote vimejengwa kwa kuuheshimu, na kwamba magoti ya binadamu hupima maumivu kwa mita hata katika nchi ambayo mabango yake ya barabarani, yanayosimamiwa na Wizara hii hii, bado huhesabu maili na yadi.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika ulemavu usioonekana kwa macho, kama vile usonji na maradhi ya usahaulifu, ambao Wizara iliupanulia njia katika mpango huu tarehe 30 Agosti 2019, hatua ambayo barua hii inaipongeza bila kejeli yoyote. Kejeli inarudi kwenye hesabu. Mtu asiyeweza kuanza safari yoyote kwa sababu safari humletea dhiki kubwa ya nafsi hupata alama 10 katika kipengele cha kupanga na kufuata safari, na alama hizo humpa beji moja kwa moja. Mtu asiyeweza kufuata hata njia aliyoizoea pasipo mtu wa kumwongoza, mbwa aliyefunzwa au chombo cha kumwelekeza, hupata alama 12, ambazo ndizo za juu kabisa katika kipengele hicho, na kwa hiyo hapewi beji moja kwa moja, bali huanza kujieleza tena mbele ya halmashauri. Hisabati ambayo ndani yake 10 huishinda 12 haifundishwi shuleni, na haitashangaza iwapo wenye 12 wataanza kuwaomba wachunguzi wawapunguzie mbili.

Beji ikishapatikana hudumu kwa muda usiozidi miaka 3, kisha huombwa upya. Halmashauri yaweza kumsamehe uchunguzi mtu ambaye hali yake haitabadilika, lakini ombi lenyewe halisamehewi. Kwa utaratibu huo mguu uliokatwa juu ya goti hupewa fursa ya kuota kila baada ya miaka 3, na kama hadi sasa haujaitumia, kosa si la Wizara.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema kwamba beji ni mali ya mtu wala si ya gari, kwamba upande wenye alama ya kiti cha magurudumu ndio unaotazama juu, na kwamba ndugu anayeitumia kwa shughuli zake mwenyewe, mwenye beji akiwa amebaki nyumbani, anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, adhabu ambayo ni ya haki. Lakini alama hiyo ya kiti imezaa jeshi la wakaguzi wasiolipwa, yaani wapita njia wanaomkodolea macho kila anayeshuka garini kwa miguu yake, wakimdai ugonjwa wa moyo au wa mapafu uonekane haraka kabla hawajakasirika. Yafaa Wizara iwaajiri. Yafaa pia iwapime, kwa kipimo chake chenyewe, madereva wazima wanaoziba maegesho hayo “kwa dakika mbili tu”, kundi ambalo Nairobi na Dar es Salaam pia halikosi wanachama: wajaze fomu, waambatishe picha, waeleze ni kitu gani kinachowazuia kutembea mita 51, na wafanye hivyo tena kila baada ya miaka 3.

Limebaki suala la rangi. Mwenye Beji ya Buluu, ambaye katika sehemu nyingi za England huruhusiwa kuegesha juu ya mistari ya manjano, yaani mistari ya kukataza maegesho, kwa muda usiozidi saa 3, huipoteza ruhusa hiyo anapoingia katikati ya London, kwa kuwa City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden haziufuati mpango wote, na badala yake zina beji zao wenyewe: nyekundu, nyeupe, zambarau na kijani, kwa mfuatano huo. Great Minster House imo Westminster. Ilistahili barua hii ikabidhiwe kwa mkono na mwenye Beji ya Buluu aliyeegesha kwenye mstari wa manjano ulio karibu na ofisi ya wasimamizi wa beji yake, lakini kwa kuwa hapo angepigwa faini, imetiwa stempu na kutumwa kwa posta.