Sifa za Mzee Butu

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na wachinjaji waendelee kuamini hivyo. Mimi nimekuja kumsifu Mzee Butu: jino la biti, kile kichwa cha kuchorongea mwamba, lililokwisha makali huko chini ya ardhi, likaota bapa mahali palipokuwa na ncha, na sasa linausugua mwamba badala ya kuukata. Wachorongaji humtukana. Mhasibu humchukia zaidi, maana kumtoa kisimani ni gharama. Pale Olkaria nchini Kenya, ambako visima vya mvuke hushuka kiasi cha mita 3,000, biti iliyochoka haibadilishwi mpaka mabomba yote yavutwe juu. Bomba moja lina urefu wa mita tisa na ushei, kwa hiyo ni zaidi ya mabomba 300 kupanda, biti mpya ifungwe, kisha mabomba yaleyale yashuke tena. Muda wote huo kisima hakiongezeki hata inchi moja. Nani mwingine kwenye mtambo mzima ana uwezo wa kuwasimamisha wakubwa na wadogo kwa kunenepa milimita chache tu?

Nasaba yake si ya kubezwa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya General Electric ya Marekani ilileta meno ya almasi ya kiwandani, yaliyogandishwa juu ya tangsteni kabaidi. Almasi, jiwe la maharusi! Na anayelimaliza ni nani? Ni mchanga, ule uliomo ndani ya mwamba, ukisaidiwa na joto la msuguano. Ndani ya jino hilo mna kobalti iliyosaidia kuishikanisha almasi, na joto likikaribia nyuzi 700 hivi kobalti hutanuka kuliko almasi yenyewe, jino likaanza kupasuka kutoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na cheo anacho. Chama cha kimataifa cha wakandarasi wa uchorongaji, IADC, kina utaratibu wa kupima uchakavu wa meno kwa namba, kuanzia 0 hadi 8. Jino jipya, linalong'aa bado kwenye boksi lake, hupewa sufuri. Nane ni ya lile lililokwisha kabisa. Katika ukoo huu, basi, daraja hupandwa kwa kuteseka, na anayefika daraja la juu kuliko yote hutupwa. (Wastaafu wengi watamwelewa.)

Lakini heshima yake kubwa iko kwa wanahesabu. Mwaka 1965 R. Teale alipendekeza kazi ya uchorongaji ipimwe kwa nishati inayotumika kung'oa kila ujazo wa mwamba. Mwaka 1992 Emmanuel Detournay na Pierre Defourny wakalifikisha mbali wazo hilo kwa upande wa biti za kukwangua, wakianza na jambo ambalo mchorongaji hulisikia mikononi kabla hajaliona kwenye karatasi: chini ya jino mna kazi mbili zinazokwenda pamoja. Uso wa mbele unakata. Bapa la chini linasugua. Nguvu ya kukata hutegemea kina cha mkato na ugumu wa mwamba. Nguvu ya kusugua hutegemea uzito uliolilalia bapa, kwa kanuni ileile aliyoieleza Guillaume Amontons huko Ufaransa mwaka 1699: mzigo ukiwa mara mbili, msuguano nao huwa mara mbili, wala upana wa mahali panapogusana hauhesabiwi.

Sasa chora mchoro. Mhimili uliolala upe uzito unaoisukuma biti, uliosimama upe nguvu inayoizungusha, vyote vikigawanywa kwa kiasi cha mwamba kilichong'oka. Biti kali kabisa, katika mwamba mmoja, ni nukta moja. Ikimbize, ibembeleze, inarudi palepale. Nukta moja haichori mstari. Anayetembea ni Mzee Butu. Kadiri bapa lake linavyopanuka ndivyo nukta zake zinavyopanda na kujipanga kwenye mstari ulionyooka, na mwinuko wa mstari huo, ukizingatia umbo la biti, ndio kipimo cha msuguano wa jino na mwamba. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba katika miamba kadhaa kipimo hicho kimeonekana kukaribia msuguano wa ndani wa mwamba wenyewe, yaani jinsi chembe zake zinavyogomeana zikilazimishwa kuteleza. Jino kali hupita na kuacha vumbi. Butu hukaa, akasugua, akatoka na siri ya mwenyeji.

Siri hiyo ina kazi yake. Mchorongaji akiona biti inasuasua, ana shaka moja isiyomwacha alale: meno yamechoka, au tumeingia kwenye mwamba mwingine? Akikosea upande mmoja, atavuta mabomba yote juu bure. Akikosea upande wa pili, atashinda akisugua mpaka biti iishie chini. Mchoro humsaidia kuamua. Nukta zikipanda juu ya mstari uleule, ni uzee. Zikihamia mstari mwingine, mwamba umebadilika.

Anasingiziwa ulafi, eti anakula uzito wote na hakuna kinachobaki cha kukata. Majaribio yanamtetea. Ni kweli kwamba mwanzoni, mkato ukiwa mwembamba, sehemu kubwa ya uzito humwishia yeye. Lakini mgandamizo chini ya bapa una ukomo, kwa kuwa mwamba wenyewe hauwezi kubeba zaidi ya nguvu zake. Ukomo huo ukifikiwa, kila kilo inayoongezwa huenda moja kwa moja kwenye kukata. Ni mgeni anayekula akashiba, akasukuma sahani kwa wengine. Wanaomlaumu, mara nyingi, ndio waliompakulia kidogo kisha wakashangaa kwamba watoto wamelala njaa.

Sikatai kwamba ana fujo zake. Hukwama kisimani, mabomba yakajisokota juu yake, kisha akafyatuka kwa kasi kuliko mashine inayomzungusha, na mtambo mzima ukatetemeka. Kwa umri wake, kucheza namna hiyo kunahitaji moyo.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wasimamizi wa mitambo. Biti butu ikitoka kisimani, msiitupe kwenye rundo la vyuma chakavu kabla haijapoa. Ioshwe, mabapa yake yapimwe upana jino kwa jino, namba yake iandikwe bila kupunguza wala kupendelea, na iwekwe pamoja na kumbukumbu za uzito na mzunguko za safari ile. Muuza vyuma anaweza kusubiri hadi kesho.