Jamani, Ngapi Ngapi?

King'amuzi changu kimekatwa kwa kutolipiwa, na kibanda umiza cha mtaani kwetu kina joto la kuivisha ndizi. Kwa hiyo mechi nazifuatilia kwenye simu, mitandaoni, ambako kila mtu anatazama mpira na hakuna anayesema matokeo.

Mechi ikianza tu, wa kwanza anaandika: "Jamaniiii!" Basi, kanyamaza. Jamani nini? Bao? Kadi nyekundu? Luku imeisha kwake? Wa pili anaongeza: "Huyu beki mimi nilishasema." Wa tatu anamwaga emoji za kulia. Presha ya nchi nzima naijua, bao sijui. Nikiuliza "ngapi ngapi?" najibiwa, "Kwani wewe uko wapi?" Niwe wapi tena! Niko hapa, nakusoma wewe. Mtangazaji wa redio angalau alikuwa anakwambia mpira uko kwa nani na unaelekea lango gani.

Aprili 5, 2024, Yanga yangu ilikuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar ilikuwa suluhu. Kipindi cha pili kiungo wetu Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa panya na kudunda chini. Huo ndio ukweli nilioujua baadaye. Wakati ule, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, nilipata hivi: "GOOOLI!" "Limekataliwa." "VAR wanaangalia." "VAR gani, hao wamelala!" Kisha ikaja picha iliyogandishwa, juu yake mstari mwekundu uliochorwa na mtu kwa kidole, umepinda kama barabara ya kupanda Lushoto, kuthibitisha kwamba mpira ulivuka. Nimekodoa macho kwenye mstari huo, kumbe wenzangu wameshafika kwenye matuta. Sundowns ikapita kwa penalti 3-2, na taarifa nikaipata kwa ujumbe wa shemeji yangu wa Simba: "Pole sana shem, kazi ya Mungu." Na yeye Simba yake usiku huohuo ilitolewa Cairo na Al Ahly, lakini kwenye pole aliniwahi.

Asubuhi nafungua simu, inaniletea kama habari mpya: "Dakika ya 12, bado 0-0, tunashambulia kwa kasi!"

Halafu kuna hawa wa "MUBASHARA" kwa herufi nyekundu. Siku moja nimefungua, bando linateketea, naona mpira mtamu ajabu: pasi zinafika, kipa hajilazi kupoteza muda, hakuna anayemzonga refa. Nikasema kweli ligi imekua. Kuja kutazama nyuso, ni gemu la kompyuta, na maelfu ya watu wazima tunalitazama tukigombana huko chini.

Kinachoniuma zaidi ni mama watoto, ambaye mpira haumhusu kabisa. Yeye anakuna nazi zake na matokeo anayo. Kelele zikitokea upande wa saluni, Yanga wamefunga. Zikitokea gereji, Simba. Bando hatumii hata la mia. Juzi nimesikia mtaa umelipuka, nikakimbilia jikoni kumuuliza nani kafunga.

"Kwani baba, simu yako imezima?"