Kisoma PDF Kilichokuja na Ukoo Wake

Juni 30 saiba za Silanga, Kibera, hujaa mpaka nje. Ndiyo siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na anayechelewa hupigwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Hata mwenye PIN asiye na kazi sharti aingie iTax, tovuti ya KRA, atangaze kwamba hakupata kitu. Kutangaza kwamba huna kitu hakuchukui muda. Kuchapisha risiti ya kuthibitisha kwamba huna kitu ndiko kulikomtoa jasho mwenye saiba mmoja, pale kwenye mteremko wa kushukia Nairobi Dam.

Kompyuta zake ni za mtumba, zenye RAM ya 2GB. Zilitumia Windows 7 mpaka Microsoft ilipoacha kuihudumia Januari 14, 2020. Akajaribu Windows 10. Ukiiwasha ulikuwa na nafasi ya kwenda kununua chapati, uile, urudi, ukute bado inajiandaa. Ndipo kijana wake wa kazi alipomshawishi aweke Debian, mfumo wa Linux, pamoja na Xfce, deskitopu nyepesi iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Mashine zikafufuka. Kijana naye akaanza kujiita injinia.

Siku hiyo ya ritani, injinia aligundua kwamba mashine ya kuchapishia haikuwa na kisoma PDF. Akafungua terminali, akaagiza Okular. Ni kisoma PDF kizuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba Xfce imejengwa kwa maktaba za GTK, na Okular ni ya upande wa Qt na KDE. Debian ikaanza kutaja vitegemezi, safu baada ya safu, mpaka skrini ikajaa: maktaba za Qt, maktaba za KDE, aikoni, hata vya kuchezea sauti na video. Risiti ya KRA haijawahi kuimba. Chini kabisa mashine ikauliza kama iendelee, Y au n. Injinia akabonyeza Y bila kusoma.

Ni kama vile unamkaribisha mpwa mmoja kutoka ushago kwenye chumba chako cha futi kumi kwa kumi, ukifungua mlango unakuta amekuja na shangazi, wajomba, magodoro na kuku.

Intaneti yenyewe ilikuwa ya simu, bando la saa moja. Likakatika ukoo ukiwa nusu ya safari.

“Boss,” mteja mmoja akaita kutoka mlangoni, “hiyo karatasi itatoka leo ama nirudi Julai?”

Bando la pili lilikuwa limeshanunuliwa wakati mama mmoja kwenye foleni alipouliza kwa upole, “Kijana wangu, kwani hiyo Firefox yako haifungui PDF?” Hufungua. Imekuwa ikifungua yenyewe tangu toleo la 19, la mwaka 2013, na ilikuwa wazi mbele yao asubuhi nzima.

Sasa hapo hakuna programu inayoingia kabla ya kupimwa. Ukiandika apt install -s, mashine huigiza tu uwekaji na kuonyesha nani wangekuja, bila kugusa bando. Vinavyohesabiwa ni vile vitegemezi ambavyo havimo tayari. Watu wengi huangalia megabaiti za programu yenyewe wakadhani wamemaliza, kumbe uzito wake hutegemea imeingia nyumba gani: programu ya Qt ni nyepesi kwenye LXQt, deskitopu ya Qt, kwa sababu jamaa zake wameshahamia humo, na ni mzigo kwenye Xfce. Kwa hiyo saiba ikachukua Mousepad ya kuandikia na Ristretto ya picha, zote za familia ya Xfce. Kwa skrinishoti ikachukua scrot, na ilipohitaji feh, kionyesha picha, haikulipa sana, kwa kuwa zote mbili huegemea maktaba moja, Imlib2. Debian pia hutofautisha vitu ambavyo programu haiwezi kufanya kazi bila hivyo na vile inavyovipendekeza tu. Usipoikataza kwa --no-install-recommends, huleta vyote.

Jirani mwenye duka la picha bado yuko Windows, na hana shida: anatumia SumatraPDF na IrfanView, kazi ya Mbosnia Irfan Škiljan tangu 1996, kila moja ya megabaiti chache.

Injinia hakukoma. Wiki chache baadaye alileta programu maridadi ya kuandikia vidokezo, iliyojengwa kwa Electron, yaani imebeba Chromium nzima tumboni. Hiyo haikuleta jamaa hata mmoja, ila yenyewe ilikalia RAM kama yake, na kidokezo chake cha kwanza na cha mwisho kilikuwa “nunua tona”.

Asichekwe peke yake. Novemba 2021 watazamaji wa YouTube walimwona Mkanada Linus Sebastian, anayeishi kwa kuchambua kompyuta, akijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, ambayo nayo ni Linux. Vitegemezi viligongana, mfumo ukamwonya kwamba ungeng'oa vitu muhimu, ukamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika. Deskitopu yote ikaondoka. Injinia wa Silanga alipoteza bando tu.

Printa ndiyo iliyokataa kukondeshwa. Ni ya leza, ya zamani, na dereva yake huja na Python pamoja na kipande kingine kinachopatikana kwa mtengenezaji tu. Kila dereva ikisasishwa, kipande hicho hudaiwa upya. Injinia, ambaye siku hizi ameshika dini ya wepesi kuliko bosi wake, alipendekeza printa hiyo iachwe. Mwenye saiba akamfungulia droo ya pesa na kumwonyesha sarafu za shilingi kumi za wachapishaji, zinazolipa stima, kodi ya chumba na mshahara wa mainjinia. Kijana akakishusha kile kipande, kwa bando lake mwenyewe.