Mkataba wa Simu: Jinsi ya Kumpunja Fundi kwa Heshima

Umepata tenda ya kaunti, madarasa mawili ya chekechea hapo Shianda. Hongera. Kupaua, kupiga plasta na kuvuta nyaya za umeme huwezi peke yako, na mafundi wa siku hizi wanataka kitu kilichoandikwa. Waandikie. Karatasi nzuri humkosesha mtu hela kwa utulivu zaidi kuliko ahadi ya mdomo, mradi ufuate hatua zangu.

Kwanza, muepuke wakili. Shika simu, ingia kwenye tovuti ya kuhariri hati, utafute fomu ya mkataba wa mkandarasi mdogo. Zimejaa, zimepangwa vizuri, na nyingi zilitungwa kwa ajili ya Marekani. Chukua ile inayosema mzozo utaamuliwa na mahakama za Texas, na mstari huo usiuguse. Ukiandika Kenya, utakuwa umemwonyesha fundi njia ya Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, humruhusu mtu kujitetea bila wakili, na hutakiwa kisheria kumaliza kesi ndani ya siku 60. Njia fupi hivyo haikufai.

Pili, majina yachapwe kwa herufi kubwa nyeusi. Kila mtu hufurahi kuona jina lake likiitwa "Mkandarasi", na akifurahi hasomi yaliyo chini. Penye nafasi ya kazi andika "kazi za ujenzi kama itakavyoelekezwa". Usithubutu kuandika "plasta ya ndani na nje, madarasa mawili". Ukitaja kazi, utalipia kazi hiyo. Ukiiacha wazi, choo cha walimu, veranda na rangi ya ukutani vitaingia kwa bei ileile.

Tatu, na hapa twende polepole, andika sentensi hii: "Mkandarasi mdogo atalipwa pindi mkandarasi mkuu atakapolipwa." Basi. Huhitaji hila nyingine. Unajua jinsi kaunti zetu zinavyobeba malimbikizo ya madeni ya wakandarasi kutoka mwaka mmoja wa fedha hadi mwingine. Kwa sentensi hiyo moja, deni la serikali limekuwa deni la mpiga plasta, ambaye hakuomba tenda, hakuweka bei yako, wala hana ofisi ya kaunti ya kumsikiliza. Amekwisha kutoa jasho lake, na karo ya mwanawe haingoji hazina ya kaunti. Tena hapa ni nchi ya miwa. Watu walitia sahihi mikataba ya Mumias Sugar, wakapeleka miwa, na kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019 huku wakulima wakiidai. Ukimwambia mtu wa Shianda "ngoja kidogo", unamwambia mtu aliyekwisha kungoja sana. Hatua nyingine zote ni mapambo. Uovu wa mkataba uko katika sentensi hii.

Nne, zuia asilimia 10. Kuzuia kiasi fulani ni desturi halali ya ujenzi. Kwa kawaida nusu hurudishwa kazi ikikamilika, na nusu ya pili muda wa kurekebisha kasoro ukiisha, mara nyingi miezi 6. Wewe andika asilimia, siku ya kurudisha usiiandike.

Tano, sahihi. Hati usiitume jana yake. Ngoja fundi awe juu ya jukwaa, mikono imejaa saruji, vijana wanamwitia maji ya kuchanganyia, kisha umnyooshee simu: "Mzee, pitisha kidole hapa tu, ni fomu ya ofisi." Kenya hutambua sahihi za kielektroniki, kwa hiyo kidole hicho si mchezo. Nakala ibaki kwako.

Sasa fundi, nawe umesoma yote haya, na kwa kweli niliyaandika kwa ajili yako. Ukinyooshewa simu, shuka, nawa mikono, utafute vitu vitatu: kazi yenyewe, bei yake, na tarehe ya kulipwa isiyotegemea mtu mwingine kulipwa. Kikikosekana hata kimoja, kiandikwe kabla hujapitisha kidole. Tovuti ileile inaweza kukiongeza mbele yako kwa dakika chache, na kontrakta mwenye nia njema hatakataa. Kisha nakala iingie kwenye simu yako papo hapo, kabla hujarudi jukwaani. Na kama ulikwisha kutia sahihi na hujalipwa, itunze hati hiyo pamoja na jumbe zote za M-Pesa: kwa sheria za Kenya, deni la mkataba laweza kudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6.