Kisiwa chenye Saa za Kazi

Mgeni wetu, ukifika Pangani utashauriwa uanze na kisiwa cha Maziwe. Wahi. Kisiwa kile kina saa za kazi: maji yakipwa kipo, yakijaa hakipo. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, kikiwa bado na mivinje yake na kasa wakitaga chini yake; miaka michache baadaye miti ikaisha yote. Labda kilisikia kimehifadhiwa, kikaona kiage mapema. Kasa, wabishi wale, bado wanapanda kutaga, na mayai inabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo yasije yakazama. Wewe utalipia boti ukapige picha fungu la mchanga. Hongera.

Jioni ni zamu ya Mto Pangani. Maji yameshuka bure kutoka Meru na Kilimanjaro, lakini kuyatazama kuna bei. Utamwona mvuvi mtumbwini, useme anaishi kwa raha mustarehe. Yeye anaomba asikutane na mamba; wewe usipomwona mamba utadai umepunjwa.

Ukiishiwa, panda pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, pamoja na wenyeji. Mto ni uleule, upepo uleule, na mbuzi wa kukusindikiza huwalipii.