Mita 1,134 ni za Ziwa

Shemeji yangu wa Kimara ana ugonjwa mpya. Zamani akifika kwa watu alikuwa anauliza chaja. Siku hizi anatoa simu, anainyoosha juu kama mtu anayeomba mvua, anasubiri kidogo, halafu anatangaza: "Hapa mko mita elfu moja mia mbili na moja." Viatu hajavua, wanangu Kulwa na Doto hajawapa hata mkono, lakini tayari ameshatupima.

Alikuja Mwanza kwa ajili ya kikao cha harusi ya mdogo wao yeye na mke wangu, Mama Kulwa. Kikao kikafanyika kwangu kwa sababu, walisema, kuna upepo mzuri. Upepo upo, sikatai. Nakaa Mabatini, na si Mabatini ya kule chini yenye mageti na maduka, nasema ile ya juu, ambako nyumba zimekalia miamba kama kuku waliogoma kushuka. Ukitoka barabara kubwa, bodaboda inakupandisha hadi kwenye jiwe moja kubwa tunaloliita Kituo. Hapo kijana anazima pikipiki, anakutazama kwa huruma, anasema, "Mzee, mwisho wetu hapa." Kutoka Kituo hadi mlangoni kwangu ni ngazi 188. Nilizihesabu nikiwa na mfuko wa saruji begani, kwa hiyo huenda zikawa zaidi, ila pungufu haziwezi kuwa. Na nusu yake si ngazi, ni mawe yaliyokubaliana.

Shemeji alizipanda akisimama mara nne. Kila akisimama alikuwa anasifia ziwa. Sijawahi kuona mtu analipenda Ziwa Victoria kwa kuhema namna ile.

Basi akakaa, akanywa maji glasi tatu (maji yaliyopandishwa na Doto, lakini hilo tutalifikia), akaanza. Kwake Kimara, simu inasoma mita mia na kitu. Anasema kwa Dar hiyo ni hadhi, maana wenzake wa Jangwani mvua ikinyesha wanahamishia vitanda juu ya meza, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuna waliopelekwa moja kwa moja Mabwepande. Hapo nilimuunga mkono. Kisha akaharibu: akasema kwamba hata matajiri wa Masaki anawatazama kwa chini.

Nilifundisha jiografia miaka ishirini na mbili. Kuna mambo siwezi kuyaacha yapite. Nikamwambia, "Shemeji, uso wa ziwa hili unaloliona hapo upo mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sangara aliyelala matopeni kule chini kabisa anaishi juu zaidi ya mtu yeyote wa Masaki, Kimara na Pugu kwa pamoja. Utamwita bosi?"

Watu wakacheka. Nami nikajiona nimeshinda, mpaka Kulwa, ambaye hesabu anazijua kuliko adabu, akachukua daftari akatoa 1,134 kwenye 1,201. "Baba, kumbe sisi wenyewe tuna mita 67 tu. Nyingine zote ni za ziwa."

Sitini na saba! Miaka kumi na minne nakaa juu ya jabali, magoti yamebadilika sauti, kumbe sehemu kubwa ya kimo changu nimeazima kwa samaki.

Hapo ndipo dada yao aliyeolewa Limuru akaweka kikombe chini. Huyu alisafiri na basi usiku kucha, sweta kaja nalo hadi Mwanza. Limuru, akasema, ni zaidi ya mita 2,200, na siku hizi Nairobi imemeza kila kitu, kwa hiyo nao ni watu wa jiji. Mume wake anashuka kila asubuhi kwenda kazini, anaacha ukungu nyumbani anakuta jua mjini. Nairobi yenyewe, unajua, imekaa kwenye mteremko: uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624, na ukielekea magharibi ardhi inapanda tu mpaka Ngong, ambako kilele kinafika mita 2,460. "Kwa hiyo ninyi wote mko bondeni," akamalizia kwa upole wa kuudhi.

Nikamuuliza githeri, yale makande yao, inaiva kwa saa ngapi.

Akanyamaza. Mama Kulwa akamtazama dadake. Nikaeleza mbele ya kikao, kwa sababu kamati ya chakula ilikuwepo na jambo lilikuwa linaihusu: maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Kila ukipanda mita 300 hivi, nyuzi moja inapungua. Kimara yanachemka kwenye 100 au karibu yake, hapa kwangu kama 96, na Limuru yanachemka kwenye 93 hivi. Yanatoa mapovu, yanapiga kelele, lakini moto ndani yake haupo, na maharage yanaogelea tu yakisubiri wageni waondoke. "Ndiyo maana tunatumia preshakuka," akasema dada wa Limuru kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza jioni ile nikasikia ukweli.

Wakati huohuo mpwa wetu wa Dubai akapiga simu ya video. Kusikia mashindano, akaingia. Yeye ni mlinzi katika jengo moja refu, akatuambia Burj Khalifa ni mita 828, tena nyumba zake ziko juu kiasi kwamba mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliwaambia wanaokaa kuanzia ghorofa ya 80 wasubiri dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, maana kwao jua linachelewa kuzama. Habari hiyo niliipenda sana. Fikiria unalipa kodi ya mamilioni, na juu yake unaongezewa dakika za njaa. Lakini shemeji, kwa kupenda takwimu, akamuuliza mpwa: "Na wewe unalala ghorofa ya ngapi?"

"Ya kwanza, mjomba. Ila kitanda changu ni cha juu."

Sasa nitoe dukuduku langu, maana kikao hakikunipa nafasi. Hizi mita za simu ni za uongo. Si kwamba simu inakosea, ingawa nayo inakosea: nimeiona yenyewe, imelala mezani bila kuguswa, ikinipeleka 1,198, ikanirudisha 1,206, nami nimekaa tu nakula karanga. Uongo uko kwenye kuanzia baharini. Nani anapanda kwake akitokea baharini? Kimo cha nyumba kinapaswa kuhesabiwa kuanzia pale bodaboda inapogoma. Kwa kipimo hicho yule wa Limuru, mwenye barabara ya lami hadi getini, ana sifuri. Wa Kimara ana sifuri na kilima kidogo wakati wa mvua. Mimi nina ngazi 188.

Tajiri wa kilimani hajawahi kupanda kilima, amepandishwa. Nenda Kampala ukaone Kololo: juu kuna mabalozi na maua, chini Bwaise mvua inaingia hadi sebuleni. Hong Kong walizidi. Wazungu wa kule walipoona kilima cha Victoria Peak kina ubaridi wa kwao, kwanza walikuwa wanabebwa kwa machela na mabega ya Wachina, ikaja treni ya mlimani mwaka 1888, halafu mwaka 1904 wakatunga sheria Wachina wasikae huko juu, isipokuwa watumishi na wenye kibali cha gavana. Sheria ile ilikaa hadi 1946. Yaani bega lako linafika kileleni kila siku, wewe mwenyewe huruhusiwi kulala.

Bolivia ndiko wamepindua meza. El Alto, mji uliopakana na La Paz, uko juu ya mita 4,000, kiasi kwamba maji yanachemka kwenye 86 hivi, na huko juu ndiko wanakaa wanyonge. Wenye pesa wameshuka bondeni, kusini mwa La Paz, kutafuta hewa na joto. Kwao ukisema mtu ameporomoka kimaisha sijui wanaelewa nini. Ila nawasifu kwa jambo moja: mwaka 2014 walianza kuwasafirisha watu kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, mwananchi anapanda ameketi, kapu lake mapajani. Nilipomwonyesha Mama Kulwa picha alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa kamba hiyo, mtungi wa gesi ungepita?

Mama Kulwa ana historia na milima. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemsimulia habari za Taytu. Menelik wa Ethiopia alikuwa amejenga makao yake juu ya mlima Entoto, kwenye mita 3,000 na ushei: baridi, upepo, kuni za taabu. Mke wake Taytu akashuka kwenye chemchemi za maji ya moto, akapapenda, akataka nyumba ijengwe hukohuko. Hiyo ni 1886, na huo ndio mwanzo wa Addis Ababa. Tangu nimsimulie, kila gunia la mkaa linapokwama kwenye ngazi ya mia moja na kitu, nasikia, "Taytu alishuka, Baba Kulwa." Namkumbusha kwamba Taytu alikuwa na mume mfalme. Ananijibu kwamba hilo nalo amekuwa akilifikiria.

Na maji. Ugomvi wangu kwenye maji si na mtu wala ofisi, ni na Newton. Ziwa zima limelala pale, naliona nikiwa kitandani, lakini maji kupanda mita kumi tu yanadai nguvu ya kutosha kujaza upepo tairi iliyochoka, na kila kumi nyingine yanadai tena. Kwa hiyo yanafika kwa jirani wa chini, yanafikiria, yanarudi. Kwangu yanapanda kwa Doto: dumu la lita ishirini, kilo ishirini, shilingi mia tano. Bei kaipanga yeye. Kulwa ndiye mhasibu wake.

Basi kikao kikaendelea. Dada wa Limuru akatangazwa mshindi kwa wingi wa kura, shemeji akiwa wa kwanza kupiga makofi, maana mpima akikosa ushindi anabaki na heshima ya kupima. Akachukua simu yangu akisema, "Nikuwekee na wewe hiyo programu, shemeji, uwe unajijua." Hapo jikoni ukasikika ule mlio ambao kila mwenye mtungi anaujua, moto ukipiga kwikwi mara mbili na kuzimika. Maharage yalikuwa na saa moja. Kamati ya chakula ikanitazama. Shemeji akasema yeye ni mgeni. Doto akasema bei ya mtungi ni tofauti na ya maji.

Nikaubeba mwenyewe. Ngazi ya kwanza, ya kumi, ya hamsini, chuma kinanigonga mgongoni kama kinanidai. Nilipofika ya tisini na nne nikapapasa mfukoni, maana siku hizi hela zote zinakaa kwenye simu.

Tisini na nne ni nusu kamili ya 188. Kwenda chini sina cha kulipia, kurudi juu ni sawasawa na kwenda chini, isipokuwa ni juu. Nikauweka mtungi, nikaukalia, nikaita kwa nguvu zote: "Dotoooo! Simuuu!"

Kimya kidogo. Kisha kutoka kule juu, upepo mzuri ukaniletea sauti ya shemeji:

"Yako inasema 1,203! Imeongeza mbili!"