Tani Saba za Kifusi

Nyumba yangu iko Goba, na kutoka getini hadi barazani ni mita 30 za mteremko. Kiangazi ni vumbi. Masika ni utelezi wa kupandisha gari kwa dua, mke wangu akiwa amefumba macho na mimi nikijifanya nimezoea. Mwaka huu nikasema basi, tunamwaga kifusi.

Fundi akaja, akasimama getini, akakunja jicho moja. "Tripu tano, bosi."

"Umepimaje?"

"Kwa macho."

Sasa mimi ni mtu wa hesabu, na nilikuwa nimeshachoshwa na vipimo vya ujenzi. Tofali ni inchi sita, nondo ni milimita 12, bati ni geji 28, mbao ni mbili kwa nne. Kiwanja chenyewe niliuziwa 20 kwa 20 za hatua, na aliyezipiga hizo hatua ni dalali mfupi kuliko mwanangu wa darasa la sita. Halafu leo niuziwe kifusi kwa macho? Nikatoa futikamba.

Urefu mita 30, upana mita tatu, unene sentimita 15. Zidisha: mita za ujazo 13 na nusu. Lori la kifusi huku kwetu linaitwa tani saba. Saba mara mbili ni 14. Kwa hiyo tripu mbili, na chenji ya kusawazisha chini ya mwembe. Fundi alitaka kunipiga tripu tatu mchana kweupe! Sikumwambia kitu. Nilimtazama tu, kama unavyomtazama mtu mwenye kuku wako kwapani.

Lori la kwanza lilipofika nikapanda kwenye bodi na futikamba yangu kabla halijamwaga. Urefu mita 3.6, upana 2.1, kina sentimita 60, na kifusi kimesawazishwa kwa sepetu hadi usawa wa bodi. Nikazidisha kwenye simu. Nne na nusu.

"Dereva! Hii ni nne na nusu. Saba iko wapi?"

Dereva akateremka pole pole, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, tani ni uzito. Wewe umepima chumba."

Na ndivyo ilivyo. Mita moja ya ujazo ya kifusi ina uzito wa tani moja na nusu na ushee, kwa hiyo nne na nusu zinafika saba bila taabu. Hakuna aliyeniibia, na hilo liliniuma zaidi, maana mwizi angalau unawasimulia watu habari zake. Kilichobaki cha kulalamikia ni kwamba kifusi kilikuwa kimenyeshewa, ndani ya tani hizo kulikuwa na maji, na mimi nyumbani maji nanunua kwa madumu.

Nikarudi kwenye hesabu. Nne na nusu mara tatu ni 13 na nusu. Sawasawa kabisa! Hata kijiko hakibaki. Nikaagiza mbili zaidi, nikamwita mke wangu aje aone karatasi. Akaiangalia, akauliza, "Fundi alisema ngapi?" Nikamwambia tusichanganye taaluma.

Kifusi kilisambazwa, kikamwagiwa maji, ikaletwa kompakta. Hapo ndipo nilipoona mali yangu ikizama. Mashine inapita ikitetemesha madirisha ya jirani, na nyuma yake kifusi kimelala chini kama kimepata habari mbaya. Nikachomeka rula: kilichokuwa sentimita 15 kimebaki 11 na kitu.

"Kwenye lori kinakuwa kimevimba, bosi," fundi akasema. "Kina hewa. Ukikishindilia kinarudi."

Kumbe nimenunua bisi. Ukitaka mita 13 na nusu zilizoshindiliwa, unaongeza robo hadi theluthi juu yake. Ni kama 17 na nusu, yaani malori manne. Hapo bado hujalijaza dimbwi. Ndiyo, kuna dimbwi. Liko katikati ya mteremko, tunaliruka kila siku, bata wa jirani wanalijua, ila kwenye karatasi yangu ardhi ilikuwa tambarare kama meza. Dimbwi hilo lilimeza toroli baada ya toroli bila hata shukrani.

Ili unene urudi sentimita 15, ikabidi tuvute kifusi cha mbele kirudi nyuma. Njia yangu ikaishia mita ya 21. Mita tisa za mwisho, zile zinazofika barazani, zimebaki tope lilelile.

Fundi akaegemea sepetu. Nilishukuru kwamba hakucheka.

"Hivi kwa macho uliiona vipi tano?" nikamuuliza.

"Si macho, bosi. Mwaka jana nilifanya kwa jirani yako hapo. Mteremko huuhuu. Zilikwenda tano."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unapima."

Nikampigia dereva nikaomba mbili zaidi. Akasema zipo, ila bei imepanda. Mvua imekolea, na njia ya kuingia machimboni imekuwa utelezi mtupu, malori yanakwama. Hawajaimwagia kifusi.